Maranda, maganda ya mpunga, mabua au maganda ya kahawa: utandaze nini shambani?

Ukitoka Mafinga kwa basi kuja Mbeya, kaa dirishani uangalie vinavyotupwa. Mafinga kuna malundo ya maranda kando ya mashine za dingdong za kupasulia mbao, ya juu rangi ya chungwa kwa upya, ya chini yameshakuwa meusi, mengine yanafuka moshi bila mtu kuyajali. Ukishuka Usangu, maeneo ya Chimala na Igurusi, nyuma ya mashine za kukoboa kuna vilima vya maganda ya mpunga. Panda tena kuelekea Uyole ukute mahindi yamevunwa na mabua yamesimama makavu yakingoja kiberiti. Ukiendelea hadi Mbozi msimu wa kahawa, harufu ya maganda mabichi yanayochacha itakufikia kabla hujauona mtambo.

Kwenye barabara hiyohiyo kuna mkulima anayebeba maji kwa ndoo kila jioni kuanzia Juni hadi Oktoba kwa sababu udongo wake uko uchi. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, Rungwe ikivuta hadi Mei. Miezi iliyobaki unalima kwa unyevu uliotunza. Nimetumia vyote vinne kama matandazo, yaani vya kufunika udongo, kwa miaka kadhaa kwenye bustani ya mboga na miche ya parachichi, na kila kimoja kimenifaa mahali fulani na kunitesa mahali pengine. Haya ndiyo niliyoyaona, kwa yule anayesita achukue kipi.

Kabla ya kuuliza kipi, uliza wapi

Mwaka wangu wa kwanza Uyole nilichukua viroba sita vya maranda mabichi ya paina kwa fundi seremala. Vitano nilivifukia kwa jembe kwenye matuta mawili ya spinachi, nikiamini nalainisha udongo. Cha sita nilikimwaga juu ya ardhi katikati ya mistari ya kabichi, nia yangu ikiwa kuepuka tope tu.

Wiki ya tatu spinachi zikaanza kupauka. Kwanza majani ya chini, kisha yanayofuata, mpaka tuta zima likawa na rangi ya limau. Tuta la jirani ambalo sikulitia kitu lilikuwa kijani kibichi. Nilipochimbua nikayakuta maranda yako vilevile, bado yananukia mbao mpya, ila yameshikwa na nyuzi nyeupe za ukungu kama pamba iliyochambuliwa. Kabichi, zilizokuwa na maranda yaleyale juu ya ardhi, hazikuonyesha dalili yoyote.

Sababu yake si ngumu. Vijidudu vinavyoozesha mabaki vinahitaji kaboni na nitrojeni kwa pamoja, takriban sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya nitrojeni. Maranda yana kaboni sehemu mia kadhaa kwa 1. Ukiyafukia, vijidudu vinakula kaboni ya maranda na kukopa nitrojeni ya udongo, ileile ambayo mmea wako ulikuwa unaitegemea. Mkopo huo hulipwa baadaye maranda yakishaoza, lakini spinachi haiwezi kusubiri msimu mzima. Yakiwa juu, maranda yanagusana na udongo kwenye ngozi nyembamba tu, mizizi ya chini haihisi kitu.

Wamatengo wa Mbinga walilijua hili zamani. Kwenye ngoro zao, yaani mashimo ya kulimia mteremkoni, hufyeka majani, huyapanga miraba, huyafukia, kisha huanza na maharage, mmea unaojitengenezea nitrojeni wake, ndipo mahindi yafuate msimu wa mbele. Wangeanza na mahindi, yangepauka kama spinachi zangu.

Kwa hiyo kila tandazo hapa chini nimelipima kwa mambo yaleyale: kulipata na kulisafirisha, kazi yake likiwa juu ya udongo, tabia yake likichanganywa ndani, tahadhari zake, na mtu linayemfaa.

1. Maranda na vibanzi vya miti

*Kuyapata.* Ukiwa Mafinga, Makambako au Njombe huna shida, msitu wa Sao Hill na mashamba ya watu binafsi yanalisha mashine nyingi. Mjini Mbeya kuna mafundi seremala. Mara nyingi unalipia kupakia na usafiri tu. Lakini tofautisha vitu vitatu: unga wa msumeno, maranda ya randa, na vibanzi, yaani vipande vya ukubwa wa kidole gumba pamoja na magome. Vibanzi ndivyo bora na ndivyo adimu. Pakia kiangazi, maana yakishalowa mvua unalipia kubeba maji.

*Juu ya udongo.* Vibanzi tandaza unene wa sentimita 8 hadi 10, hukaa miaka miwili au zaidi, na maji ya mvua hupita katikati yake bila shida. Unga wa msumeno usizidi sentimita 3 au 4. Zaidi ya hapo unashikana na kuwa kama ubao: maji unayomwaga yanateleza kwenda pembeni, na ukifukua chini unakuta vumbi.

Parachichi ndipo vibanzi vinapong'ara. Mizizi yake inayokula iko karibu sana na uso wa ardhi na haipendi kuchimbwa kwa jembe. Chini ya vibanzi vinavyooza taratibu huzaliana viumbe wanaopambana na kimelea kama kuvu aitwaye *Phytophthora*, anayeozesha mizizi na kuukausha mti kuanzia juu. Piga hesabu kabla ya kukodi gari. Ukifunika duara la mita 1 kila upande wa mche, kwa unene wa sentimita 8, unahitaji takriban madebe 12 ya lita 20. Ekari moja kwa nafasi ya mita 7 kwa 7 ina miche kama 82, hivyo ni karibu madebe elfu moja. Acha nafasi ya sentimita 15 hadi 20 kuzunguka shina. Nimeona miti ya miaka mitatu iliyooza gome kwa sababu tandazo liliegemezwa shinani kama blanketi.

*Ndani ya udongo.* Nimeshasimulia. Ukilazimika, kila kilo 100 za maranda makavu ziongezee takriban kilo 1 ya nitrojeni, sawa na kilo 2 na kidogo za urea, na usipande mboga za majani hapo mapema. Njia nzuri zaidi ni kuyapitisha kwanza kwenye banda la kuku. Yakitoka huko yamebeba nitrojeni yake yenyewe. Yaozeshe miezi mitatu hadi minne kabla ya kuyaweka kwenye mboga zinazoliwa mbichi.

*Tahadhari.* Kubwa kuliko zote ni mbao na nguzo zilizowekwa dawa. Huku kwetu nguzo za umeme hutengenezwa kwa wingi, na vipande vyake huchanganyika na mabaki mengine. Zenye rangi ya kijani hafifu mara nyingi zimeshindiliwa shaba, kromiamu na arseniki. Nyeusi zenye harufu ya lami zina kreosoti. Usitandaze, usilazie kuku, wala usitumie kupikia. Ukiwa na wasiwasi na lundo, liache.

Kuhusu paina kuchachusha udongo, hofu imezidi ukweli. Tandazo la juu hubadilisha uchachu kidogo sana. Udongo wa Njombe na Mufindi ni mchachu kwa sababu mvua za miaka mingi zimeshaosha chokaa yake, na dawa yake ni kupima udongo na kuweka chokaa ya kilimo. Maranda mabichi ya mikaratusi, kwa upande mwingine, yaache lundoni miezi michache kwanza, yana kemikali zinazodumaza miche michanga.

Mchwa pia. Kwenye maeneo makavu ya Iringa, chini kuelekea Ruaha, chunguza kabla ya kutandaza kwenye miche midogo.

*Yanamfaa nani.* Mwenye miti ya kudumu, hasa parachichi, aliye karibu na mashine za mbao.

2. Maganda ya mpunga

*Kuyapata.* Jina kwanza. Ukisema pumba Uyole unapewa pumba za mahindi za ng'ombe, na bei yake si ya kutandaza. Sema maganda ya mpunga. Takriban kilo 20 kati ya kila kilo 100 za mpunga ni maganda, hivyo Igurusi na Ubaruku yapo ya kutosha, ila wachoma matofali nao wanayataka. Ni mepesi mno: kiroba kikubwa anakibeba mtoto, na gari linajaa kabla halijaelemewa.

*Juu ya udongo.* Yanapendeza kwenye mboga zenye nafasi ndogo, vitunguu, karoti, saladi, kwa sababu unamwaga kwa mkono na yanajipanga yenyewe kati ya miche. Sentimita 3 hadi 5 zinatosha. Magugu ya mbegu yanapungua sana, lakini ndago haijali, inachomoza kama sindano. Udhaifu wake ni upepo. Agosti Uyole ukimwaga asubuhi bila kulowesha, jioni yako kwa jirani. Mwagia maji palepale, kisha pitisha majani machache juu yake. Kwenye mteremko mvua ya kwanza kubwa itayasomba.

*Ndani ya udongo.* Hapa ndipo yanapoyashinda maranda waziwazi. Uwiano wake wa kaboni kwa nitrojeni ni takriban 80 hadi 100 kwa 1, lakini yamejaa silika na lignini, vijidudu vinayatafuna polepole, kwa hiyo mkopo wa nitrojeni ni mdogo kuliko hesabu inavyotisha. Udongo mzito wa mfinyanzi ukiuchanganyia sehemu moja kwa nne au tano, unapitisha hewa na maji vizuri kwa miaka kadhaa. Ila usiyategemee kwa rutuba, maana yanatoa kidogo sana.

Kwa kitalu, yageuze mkaa. Chukua kopo kubwa la bati lililotobolewa matundu pembeni, washa moto ndani yake, simamisha bomba kama dohani, kisha zungushia maganda mlima. Hayawaki, yanaiva. Weusi unapanda kutoka ndani kwenda nje kwa saa kadhaa, na kazi yako ni kugeuza kwa koleo. Yakishakuwa meusi yote na kabla hayajaanza kuwa na kijivu, zima kwa maji mengi. Ukichelewa unabaki na majivu. Mkaa huo ukichanganywa na udongo na mboji, miche ya nyanya na parachichi hutoka na mizizi myeupe, minene, isiyokatika unapohamisha. Nimejaribu mchanga, nimejaribu udongo mtupu wa msituni, sijarudi tena huko.

*Tahadhari.* Vumbi lake linakera mapafu, funga kitambaa puani. Kuku wakiingia bustanini watayachakura yote kwa mchana mmoja.

*Yanamfaa nani.* Mwenye bustani ndogo tambarare, mwenye kitalu, mwenye udongo mzito, na aliye njia ya Usangu.

3. Mabua ya mahindi na maganda ya maharage

*Kuyapata.* Tayari unayo. Mahindi huacha mabua yenye uzito sawa na punje au zaidi, hivyo ekari iliyotoa magunia 15 ya kilo 100 imekuachia tani moja na nusu au zaidi ya tandazo bila nauli. Gharama yake iko pengine: kila bua unaloliacha shambani ni bua ambalo ng'ombe hakulila. Na baada ya mavuno mifugo ya majirani huingia mashambani kwa mazoea ya miaka. Asiye na uzio azungumze na wenzake mapema, akikumbuka kuwa kwa mfugaji lile ni lishe ya kiangazi, naye ana haki ya kusikilizwa.

*Juu ya udongo.* Mabua mazima huacha mianya mikubwa, magugu yanapita. Yakate kwa panga vipande vya sentimita 15 hadi 20. Kwenye mteremko hayana mpinzani: yalaze kukingama mteremko, maji yanapunguza mwendo na udongo unabaki. Huoza ndani ya msimu mmoja wa mvua. Maganda ya maharage ni laini zaidi, yanalala vizuri, na mvua za Januari zikikolea yameshapotea.

*Ndani ya udongo.* Mabua ni karibu 60 kwa 1, yanakopa kiasi. Yafukie mapema, ardhi ikiwa bado na unyevu, na si wiki ya kupanda. Maganda ya maharage ndiyo pekee katika orodha hii ninayoweza kuyafukia makavu bila wasiwasi mkubwa, kwa kuwa yana nitrojeni ya kutosha.

*Tahadhari.* Pasua bua moja Septemba uone. Mara nyingi utamkuta funza wa mabua amejikunja ndani, rangi ya maziwa, amelala akingoja mvua. Ukiyaacha mabua yamesimama au ukiyarundika kivulini, unamtunzia nyumba. Yalaze chini yaliyokatwa, juani, wiki nne hivi baada ya mavuno, na wengi watakufa. Kama mahindi yalikuwa na madoa ya kijivu ya majani, mabua yake yasiguse mahindi ya msimu ujao. Yapeleke kwenye migomba au parachichi. Vivyo hivyo mabaki ya maharage yenye ugonjwa yasirudi kwenye maharage.

*Yanamfaa nani.* Mwenye ekari nyingi na fedha kidogo, na mwenye shamba la mteremko.

4. Maganda ya kahawa

*Kuyapata.* Mbozi, Mbinga na sehemu za Rungwe. Kuna ya aina mbili na watu huyachanganya. Nyama ya tunda inayotoka kwenye mtambo wa kumenyea ni mbichi na nzito. Kati ya tani moja ya kahawa mbivu, takriban kilo 400 ni hiyo. Ganda jembamba kavu linatoka kiwandani kahawa inapokobolewa, na ni jepesi. Kavu usafirishe, bichi litumie karibu.

*Juu ya udongo.* Kavu linafanana na maganda ya mpunga kwa matumizi na linapeperuka vilevile. Bichi usilitandaze. Linachacha, linavuta nzi, na kafeini na tanini zake zinazuia mbegu kuota.

*Ndani ya udongo.* Nyama ya kahawa ikiozeshwa ndiyo tajiri kuliko vyote nilivyovitaja. Uwiano wake uko karibu na ule vijidudu wanaoutaka, na ina potasiamu nyingi. Rundika pamoja na mabua yaliyokatwakatwa ili ipate hewa, geuza kila wiki mbili, na kwa miezi mitatu hivi utakuwa na mboji nyeusi isiyo na harufu. Ikinuka bado, haijaiva.

*Tahadhari.* Lundo liwe mbali na kijito, maana maji yake yanaua samaki kwa kumaliza hewa ya majini. Kwenye mibuni irudi ikiwa imeiva tu, kwani punje zilizosalia mle ndani huhifadhi ruhuka, mdudu anayetoboa punje za kahawa.

*Yanamfaa nani.* Mkulima wa kahawa mwenyewe na jirani yake mwenye mboga au migomba.

Ukiwa katika hali hii, anza hapa

Una miche ya parachichi Njombe, Mufindi au Rungwe: vibanzi, na kama hupati, maranda membamba juu ya tabaka la mabua. Mabua yanazuia maranda yasigande.

Una matuta machache ya mboga nyuma ya nyumba: maganda ya mpunga au ya maharage. Ukiwa na kuku pia, chagua maranda, yaanzie bandani.

Unalima mahindi ekari tatu: usinunue kitu wala kukodi gari. Kata mabua, yalaze, usichome, na msimu unaofuata panda maharage hapo.

Una kahawa Mbozi: weka mboji ya maganda ya kahawa chini, mabua au majani makavu juu. Moja linalisha, jingine linatunza maji.

Udongo wako unapasuka kiangazi na kunata masika: maganda ya mpunga ndani, chochote juu.

Ukiacha mabua yanayolazwa baada ya mavuno, chochote utakachochagua, tandaza Aprili au mwanzoni mwa Mei, udongo ukiwa bado umeshiba. Ukitandaza Agosti juu ya vumbi, unafunika ukavu, na manyunyu ya mwanzo ya Oktoba yataishia kwenye tandazo bila kuigusa mizizi. Acha pia ukanda wa mita mbili mtupu kuzunguka shamba, maana miezi hiyo moto wa jirani husafiri.

Na kama uko Makete, Kitulo au mabonde ya Njombe ambako asubuhi za Juni na Julai unakuta majani meupe kwa jalidi, kuna jambo la ziada. Udongo uliolowa na ulio wazi hunyonya jua mchana na kulitoa usiku kama jiwe la moto. Tandazo nene huuzuia joto hilo lisipande, na mche mchanga juu yake unaungua kwa baridi zaidi kuliko wa jirani asiyetandaza. Usiku wa hatari ukikaribia, vuta tandazo kando mita moja kutoka kwenye shina, mwagilia mchana, na ulirudishe baridi ikishapita.